Soko Limeingia Mkononi: Tununueje kwa Simu Bila Kuibiwa?

Mwezi Novemba mwaka 2019 kampuni ya Jumia, iliyoanzishwa Nigeria mwaka 2012 na kuuza bidhaa kwa njia ya mtandao katika nchi nyingi za Afrika, ilifunga shughuli zake hapa Tanzania. Kamerun nako ilifunga mwezi huohuo, na mwishoni mwa mwaka 2024 ikawa zamu ya Afrika Kusini na Tunisia. Wapo waliodhani kwamba kwetu sisi habari ya kununua kwa simu imekwisha. La hasha! Akina mama tumeendelea kununua, tena kuliko zamani. Asali inatoka Tabora, dagaa wanatoka Kigoma, mchele unatoka Kyela, sare za shule zinatoka kwa fundi wa mtaa wa pili, na yote hayo tunayaagiza tukiwa jikoni.

Kilichobadilika ni kwamba hakuna tena duka moja kubwa lililosimama katikati ya mnunuzi na muuzaji. Hapo pana faida, na hapo pana hatari. Yatupasa kuzijua zote mbili, kwani fedha tunazozungumzia ni za chakula na karo ya watoto.

Tusiwaseme vibaya wakubwa hao bila sababu. Amazon ya Marekani ilianza kwa kuuza vitabu mwaka 1995, AliExpress ya China ilianza mwaka 2010, na Temu mwaka 2022. Mtu anayetaka kitabu au kipuri kisichopatikana nchini hana budi wakati mwingine kuwaendea. Lakini kwa mahitaji ya kila siku, mama wa Morogoro au Songea anafaidi nini? Mzigo unasafiri wiki nyingi, ushuru haujui hadi ufike, na sketi isipomtosha hana pa kuirudishia. Tena maduka hayo humtoza muuzaji sehemu ya kila anachouza. Amazon, kwa bidhaa nyingi, hukata kati ya asilimia 8 na 15 ya bei, na fedha hizo hatimaye hutoka kwa mnunuzi. Nazo, kama tulivyoona mwaka 2019, zaweza kufunga milango zikaondoka.

Msomaji makini atauliza: je, WhatsApp na Instagram si mali ya kampuni kubwa ya Meta? Ni kweli. Lakini pale tunakutana tu, kama watu wanaokutana kituo cha daladala. Fedha haipiti mikononi mwa kampuni hiyo, wala mzigo hauhifadhiwi katika ghala lake. Ndiyo maana pia haiwajibiki mambo yakiharibika. Hilo tulikumbuke.

MJUE UNAYEMPA FEDHA

Mama mmoja, ambaye ameturuhusu kusimulia bila kumtaja jina, alifika kituoni kwetu akilalamika kichwa na kukosa usingizi. Tulipompima, presha yake ilikuwa 168 kwa 102, naye hakuwahi kuwa na presha. Tulipokaa naye faraghani ndipo alipotueleza. Alikuwa ameona cherehani kwenye ukurasa wa Instagram wenye wafuasi wengi, kwa shilingi 250,000, bei iliyo chini sana kuliko ya dukani. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha nne na alitaka kujifunza ushonaji. Mama akatuma fedha yote. Kesho yake akaambiwa atume 60,000 ya usafiri. Akatuma. Siku mbili baadaye akaambiwa mzigo umeshikiliwa bandarini, zinatakiwa 85,000 za ushuru. Akatuma tena, maana aliogopa kupoteza zile za kwanza. Jumla shilingi 395,000, nyingi zikiwa za kikundi chake cha kuweka na kukopa, naye ndiye mweka hazina. Kisha simu ikazimwa. Kwa wiki tatu hakumwambia mume wake.

Tumesikiliza habari za namna hiyo mara nyingi, na dalili zake hufanana. Bei ni ya chini kupita kiasi. Muuzaji anaharakisha: zimebaki mbili tu, lipa sasa hivi. Sehemu ya maoni katika ukurasa imefungwa ili waliodhulumiwa wasiseme. Picha zimepigwa katika nyumba tofauti, kuta tofauti, mwanga tofauti, kwa kuwa zimechukuliwa kwa watu wengine. Siku hizi picha huweza hata kutengenezwa na kompyuta, na kitu kilichomo hakijawahi kuwapo duniani. Na dalili kubwa kuliko zote ni malipo ya pili. Mtu aliyekwisha kulipwa akidai fedha nyingine ambayo haikutajwa mwanzo, simama hapo hapo. Zilizokwenda zimekwenda, usizifuate na nyingine.

Basi mtu atamjuaje muuzaji mwaminifu? Njia ya kwanza ni ile ya bibi zetu: kuuliza watu. Muuzaji aliyewahi kumhudumia dada unayesali naye, au jirani, au mwalimu wa mtoto wako, ana thamani kuliko mwenye wafuasi laki moja usiowajua. Wafuasi hununuliwa. Pili, mwombe akupigie video fupi ya bidhaa yenyewe, kando yake pawe na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Mwenye mali hufanya hivyo kwa dakika mbili. Tapeli atakuwa na sababu nyingi. Tatu, mwulize mahali alipo: mtaa, jengo, namba ya chumba. Kama una ndugu au rafiki mji huo, mtume akaone. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya mtandao amweleze mnunuzi jina lake, anuani yake, na maelezo ya bidhaa na bei. Kwa hiyo kuuliza si ukorofi, ni haki yako.

Kwa kitu cha bei kubwa, kama jokofu au hilo cherehani, uliza jina la biashara lililosajiliwa BRELA, kisha dai risiti ya TRA yenye jina hilo. Muuzaji mdogo wa vitumbua au wa asali huenda hana hayo yote, nasi hatusemi tumwache. Kwake anza na kidogo. Agiza lita moja kabla ya kuagiza dumu.

FEDHA INAVYOTOKA

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo kutuma fedha kumekuwa kwepesi mno. Wepesi huo ndio mtego wenyewe. Kabla ya kuingiza namba ya siri, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Lisome! Ukiona muuzaji anajiita Mama Fulani Vitenge, nayo simu inaonyesha jina la mwanamume usiyemsikia, usiendelee mpaka upate maelezo yanayoingia akilini. Afadhali zaidi ni kulipa kwa Lipa Namba, kwani hapo linatokea jina la biashara. Tena huondoa yale mabishano ya "tuma na ya kutolea".

Pana ujumbe ambao karibu kila mwenye simu nchini amewahi kuupokea: ile hela tuma kwenye namba hii. Mwizi huutuma kwa maelfu ya watu, akitumaini kwamba mmoja wao ameahidi kumlipa mtu siku hiyo. Ukiwa katikati ya kununua kitu, wewe ndiwe anayekutafuta. Muuzaji akibadilisha namba ya malipo, mpigie kwa ile namba ya zamani, usikie sauti yake.

Lililo bora ni kulipa mzigo ukiwa mbele yako. Mjini hilo lawezekana, kwani kijana wa bodaboda huleta, unafungua, unaangalia, ndipo unatuma. Kwa mikoani, wauzaji wengi hawakubali, nao wana sababu: wapo wateja wanaoagiza nyanya debe mbili kisha hawapokei simu mzigo ukifika. Hapo mnaweza kupatana nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza ulipe ukishapigiwa picha ya risiti ya basi yenye jina lako, na nusu ya pili ukishafungua mzigo.

Na jambo moja la nyumbani. Mwambie mume wako unachonunua kabla ya kutuma fedha, hasa kama ni fedha yenu wote. Macho mawili mengine huona kisichoonekana. Yule mama wa cherehani alituambia kwamba mume wake, alipoambiwa hatimaye, hakugomba kwa sababu ya fedha. Aligomba kwa sababu ya wiki tatu.

MZIGO NJIANI

Mabasi ndiyo yaliyoifanya biashara hii iwezekane katika nchi kubwa kama yetu. Kituo cha Magufuli kule Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021, kila alfajiri hupokea madumu, viroba na maboksi yanayokwenda na yanayotoka kila pembe ya nchi. Dai picha ya risiti, namba ya basi na namba ya simu ya ofisi yake unakokwenda kupokea. Mzigo uandikwe jina na simu kwa wino usiofutika, pande mbili. Fungua mbele ya karani kabla ya kuweka sahihi, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika. Ukishaondoka, chupa iliyovunjika ni yako. Kwa vitu vya thamani au nyaraka, Posta na huduma yake ya EMS bado ni njia nzuri, nayo ina ofisi hata katika wilaya ambazo basi hufika mara moja kwa siku.

KILO, LITA NA LUMBESA

Twaweza kusema kwamba wengi huibiwa katika vipimo kuliko katika fedha. Asali ni nzito kuliko maji. Lita 1 ya asali ina uzito wa takribani kilo 1.4, maana yake dumu la lita 5 litafika kilo 7. Ukiagiza "tano" bila kusema lita au kilo, umekwisha kupoteza zaidi ya robo. Mafuta ya alizeti ni kinyume chake: ni mepesi, na ndoo ya lita 20 haitafika kilo 19. Kwa hiyo mizani ndogo ya jikoni inaweza kukuambia mengi. Mchele nao nunua kwa kilo, usinunue kwa gunia, kwa sababu gunia la mtu mmoja si gunia la mwingine, na lumbesa imekatazwa na Wakala wa Vipimo. Uliza pia kama ni mchele mpya au wa msimu uliopita. Mpya hutaka maji kidogo sufuriani, la sivyo utapika uji.

Kikundi chetu cha akina mama kanisani kimekuwa kikiagiza mchele Mbeya moja kwa moja kwa mkulima na mke wake, ambao mmoja wetu aliwafahamu alipokuwa akifanya kazi huko. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme, kwa mfano tu, mchele shambani ni shilingi 2,000 kwa kilo na usafiri wa kilo 200 ni shilingi 30,000. Wanawake 8 wakigawana, kila mmoja anapata kilo 25, na usafiri unaongeza shilingi 150 tu kwa kila kilo. Mtu mmoja akiagiza kilo 25 peke yake, hapati bei hiyo ya usafiri. Mama mmoja anakusanya fedha, mwingine anaandika, na wa tatu anapokea mzigo na kupima. Tumeona ni vizuri watu hao watatu wasiwe mtu mmoja, hata kama ni mtakatifu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi daftari letu liko wazi kwa kila mwanachama kila Jumapili baada ya ibada.

Mkulima yule sasa anajua kwamba kila baada ya miezi miwili ana wateja. Amemwambia mwenzetu kwamba fedha hiyo ndiyo anayoihesabia mbolea. Sisi kwa upande wetu tumepata mchele usiochanganywa na chenga. Siku moja kiroba kimoja kililowa mvua njiani. Tulimpigia picha, naye akaongeza kilo katika mzigo uliofuata bila ubishi. Dukani pa mgeni wa mbali tungejaza fomu.

YALE AMBAYO MUUGUZI ANGEPENDA USINUNUE KWA SIMU

Hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini, maana tunayaona matokeo yake kazini.

Dawa zisinunuliwe kwenye ukurasa wa mtu. Dawa hutaka joto lake, tarehe yake na mtu wa kuuliza maswali. Famasi iliyosajiliwa ikikuletea dawa nyumbani kwa cheti cha daktari, hilo ni jambo jingine. Lakini "dawa ya kusafisha kizazi"? Kizazi chenye afya hakihitaji kusafishwa. Kinajisafisha chenyewe kila mwezi. Uchafu wenye harufu, maumivu ya tumbo chini ya kitovu au damu isiyo ya kawaida ni mambo ya kupimwa hospitali, si ya kumeza unga uliofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Vivyo hivyo dawa za kupunguza unene kwa wiki moja na za kuongeza makalio.

Kuna pia mkorogo. Wauzaji hauiti mkorogo siku hizi, huuita losheni ya kung'arisha. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Mama mjamzito akiitumia, hufika kwa mtoto tumboni, na hata watoto wanaotumia taulo moja naye waweza kuipata. Ukisoma neno "mercury" au "calomel" kwenye kifungashio, ni zebaki hiyo hiyo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi wanachama kukomesha vipodozi vya namna hiyo. Hidrokwinoni nayo imepigwa marufuku katika vipodozi hapa nchini. Ikitumiwa muda mrefu huacha mabaka meusi ambayo hayaondoki. Nyingine zina dawa kali za steroidi, ambazo huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya kitunguu, hata kushona jeraha kunakuwa shida. Krimu isiyo na orodha ya viambato, isiyo na jina la kiwanda, usiilete nyumbani hata ukipewa bure. Tangu mwaka 2019 vipodozi na vyakula viko chini ya TBS, na dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA. Malalamiko yapelekwe huko.

Mashine ya kupimia presha waweza kuinunua kwa muuzaji mwaminifu, nasi tunaipendekeza kwa nyumba yenye mzee au mama mjamzito mwenye historia ya presha. Chagua ile inayofungwa juu ya kiwiko. Ile ya kifundo cha mkono hudanganya kwa urahisi mkono usipokaa usawa wa moyo. Kabla ya kuagiza, chukua futi ya fundi cherehani upime unene wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Kitambaa cha kawaida hutosha mkono wa sentimita 22 hadi 32. Wengi wetu tumejaliwa mikono zaidi ya hapo, na kitambaa kikibana, mashine itakuambia una presha usiyokuwa nayo. Mzigo ukifika, nenda nayo kliniki ikalinganishwe na ya pale.

Kwa stripu za kupimia sukari, jina la stripu lazima lilingane na la mashine. Omba picha ya tarehe ya mwisho ya matumizi, na usikubali kichupa kilichofunguliwa.

UKISHADHULUMIWA

Usikae kimya kwa aibu. Piga mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wa simu uliotumia, kwani fedha ambayo bado haijatolewa yaweza kuzuiwa. Hifadhi ujumbe wote, usifute kitu kwa hasira. Namba ya tapeli itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Kisha nenda polisi na risiti za miamala zikiwa zimechapishwa. Bonyeza pia *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa maana laini wanazotumia watu hao aghalabu zimesajiliwa kwa majina ya watu wasiojua lolote, na yako yaweza kuwa mojawapo.

Mama wa cherehani alifanya hayo yote, ila alichelewa wiki tatu, na fedha ilikuwa imekwisha kutolewa. Kikundi chake kilimpa miezi kumi ya kulipa. Mume wake anatoa nusu. Presha yake tulipoipima mara ya mwisho ilikuwa 132 kwa 84. Binti yake anajifunza kushona kwa fundi mmoja karibu na soko, kwa kutumia cherehani la fundi, jioni wateja wakishaondoka.